Boti ya Kioo na Wiki ya Makambi

Inspekta Werema alilala chali chini ya boti kwa muda mrefu hata konstebo wa zamu akainama kumchungulia, asije akawa amesinzia. Hakuwa amesinzia. Alikuwa akipitisha kidole kwenye kingo za tundu lililokuwa upande wa nyuma, tundu ambalo ndama angeweza kupitisha kichwa, akihesabu matabaka.

Boti ilikuwa imelazwa juu ya mapipa mawili kando ya gati la Homa Bay. Wavuvi wa kisiwa cha Takawiri waliikuta Jumanne imepinduka tumbo juu, wakaivuta hadi hapa. Chini yake, ikining'inia kwenye mnyororo wa usalama, waliikuta injini ikiwa bado imekazwa kwenye breketi yake ya chuma, na breketi nayo ikiwa bado imeng'ang'ania kipande cha boti. Mwenye boti, Elijah Owuonda, mchuuzi wa samaki wa Sori, hakuwapo. Aliokotwa Alhamisi.

Siku hiyo hiyo jioni akakamatwa Cephas Onyango, fundi aliyeifufua boti hiyo na kuitia breketi. Leo ilikuwa Ijumaa. Jumatatu saa tatu angesimama mbele ya hakimu kwa kosa la kumsababishia mtu kifo, na mkuu wa kituo alikwisha kuiandika hati ya mashtaka kwa mkono wake mwenyewe, akabakiza nafasi ya sahihi ya Werema.

"Afande, bado tu?" konstebo aliuliza.

"Nipe kibano."

Akapewa. Akakivuta karibu kile kipande kilichong'oka na breketi, bolti zake zikiwa zimekwisha kufunguliwa, akaingiza kibano kwenye mojawapo ya matundu yake, lile la chini upande wa kulia, akazungusha polepole, akatoa kitu akakiweka kiganjani. Kilikuwa kiganda cha konokono wa ziwani, kidogo kama punje ya mtama, na nusu yake ilikuwa imegandia ndani ya gundi ngumu ya rangi ya asali.

Werema akatoka chini ya boti, akajikung'uta, akakitia kiganda hicho katika kiberiti kitupu. Kisha akaenda selo.

* * *

Cephas alikuwa mtu mwembamba wa miaka thelathini na tano hivi, vidole vyake vimechubuliwa na msasa hata alama za ncha zake zikafutika. Konstebo aliyemchukua alama za vidole alilalamika kuwa ni kama kupiga muhuri wa kijiko.

"Nieleze kazi yako toka mwanzo," Werema alimwambia. "Nieleze kama mtu wa ng'ombe. Kwetu Kuria, boti ya kwanza niliiona nikiwa na ndevu."

Fundi akatabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu jana.

"Boti ilitoka Muhuru, Afande. Mzungu mmoja alikuwa akiitumia kutembelea visiwa. Baada ya Uhuru akaondoka akaiacha kwenye nyasi, mbuzi wakaifanya nyumba miaka mitatu. Elijah akaipenda. Watu huiita boti ya kioo, na si uongo. Ngozi yake ni vitambaa vya nyuzi za kioo vilivyoloweshwa resini, tabaka juu ya tabaka. Resini ni gundi. Ukiitia dawa yake inaganda, inakuwa jiwe."

"Ilikuwa na ugonjwa gani?"

"Ngozi ilikuwa nzima. Nilipiga msasa, nikaziba nyufa, nikapaka rangi. Ugonjwa ulikuwa nyuma. Zamani injini yake ilikaa ndani, tumboni. Elijah alitaka ile ya kutundika nyuma. Sasa ubao wa nyuma, ule unaokaa katikati ya ngozi mbili, ulikuwa umeoza kama muhogo uliosahaulika mvunguni. Nikaufukua wote. Nikaweka mvule mpya, nikaugandisha kwenye ngozi ya nje. Nikatoboa matundu manne ya bolti za breketi. Ikabaki ngozi ya ndani tu."

"Uliiweka lini?"

"Niliporudi makambi."

Cephas alikuwa Msabato, na kila Agosti Wasabato wote wa pande zile hufunga nyumba zao wakaenda kukaa wiki nzima kambini, wakisali na kusikiliza mahubiri. "Ijumaa ile jua lilikuwa linashuka," alisema. "Nikaacha kila kitu. Makambi siku nane, halafu siku tatu kwa wakwe zangu Ndhiwa. Siku kumi na moja."

"Na kabla ya kuondoka mkagombana na Elijah. Shahidi wetu, Maurice wa Sori, anasema ulimwambia mbele ya watu kwamba ataliwa na samaki."

"Nilisema hivyo." Hakusita. "Alitaka nimalize Jumamosi. Nikamwambia, ukiishusha majini kabla sijarudi, na matundu yako wazi, samaki watakula nyama yako. Elijah alikuwa mtu wa haraka, Afande. Mtu wa haraka humwambii kwa upole."

"Aliishusha?"

"Hakuwako. Alikwenda Kisumu kuchukua injini, akarudi baada yangu. Niliikuta boti pale pale juu ya magogo, kavu, hata imefagiliwa ndani. Safi kuliko nilivyoiacha."

Werema akaandika neno moja katika daftari lake: *imefagiliwa*. Akalipigia mstari.

"Bolti tatu ni za shaba, ya nne ni ya chuma, ya lori. Kwa nini?"

"Duka la Kisumu lilikuwa na tatu. Ya nne nilimwomba Maurice. Ana lori."

"Maurice huyu anayekushtaki?"

"Ndiye huyo."

"Hakuna iliyokatika," Werema alisema. "Zote nne zimetoka salama pamoja na breketi. Ubao ndio uliong'oka nazo." Akafungua kiberiti, akakisukuma mbele ya mfungwa. "Hiki kilikuwa ndani ya tundu la bolti, nyuma ya ngozi yako mpya. Resini yako imekifunika. Sasa niambie, ziwa liliingiaje chini ya ngozi kabla boti haijaingia ziwani?"

Cephas akakitazama kile kiganda. Akakigusa kwa kidole, kisha akakisukuma kirudi. Aliposema, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Sijui, Afande."

"Fikiri."

"Nimefikiri. Sijui."

Werema akangoja. Aliwahi kuwangoja wezi wa ng'ombe mpakani kutwa nzima bila hata kukohoa. Lakini Cephas akageukia ukuta.

* * *

Jumamosi asubuhi Werema alikuwa Sori, kwenye ghuba ya Karungu, akiwa na kiberiti chake mfukoni na kipande cha nyuma ya boti kimefungwa kwenye gunia.

Alianza na Maurice. Huyu alikuwa na lori la pekee pale ufukweni, na kwa miaka minne samaki wote wa Sori walikwenda soko la Oyugis kwa lori hilo au hawakwenda kabisa. Boti ya Elijah ingewapeleka Homa Bay kwa nusu ya muda. Tangu jana Werema alikuwa akiizungusha hoja hiyo kichwani, naye hakuificha.

"Kifo cha Elijah kimekufaa, bwana Maurice."

"Yawa! Afande!" Maurice alikuwa mnene, na alipokasirika alishika kiuno kwa mikono yote miwili. "Mimi ndiye niliyempa fundi bolti ya lori langu. Mtu akitaka kukuua anakupa bolti nzuri?"

"Wiki ya makambi ulikuwa wapi?"

"Oyugis. Giaboksi ilikufa Jumapili ya kwanza. Nililala gereji siku tisa, nikila chapati na kuumwa na kunguni. Muulize fundi wa gereji. Muulize hata kunguni."

Werema alikwisha kuzipata habari za lori hilo, naye alikwisha kumwuliza fundi wa gereji kwa simu ya kituo cha Oyugis, saa moja asubuhi. Siku tisa, alisema yule, na kila siku alitukana mara tano. Hapo Maurice akatoka katika hesabu.

"Basi kwa nini ulimshtaki Cephas?"

"Nilisema nilichosikia." Maurice akashusha mikono. "Elijah alikuwa mpinzani wangu, Afande, lakini tulitahiriwa... la, sisi Wajaluo hatutahiri, hiyo ni yenu. Tulisoma darasa moja. Mtu wa darasa lako akifa unataka awepo wa kulaumiwa."

Werema akashuka ufukweni. Wanawake walikuwa wakipaa samaki kwenye mawe, na wanaume wachache wakishona nyavu. Akawasalimu, akauliza maswali yake kwa mpangilio aliofundishwa chuoni Kiganjo. Nani alionekana karibu na banda la Cephas wakati fundi hayupo? Kuna mgeni aliyepita? Nani aliiharibu boti ya Elijah, au kuichokora, au kuitia mkono vibaya?

Hakuna, walisema. Hakuna mgeni. Haki ya Mungu, hakuna aliyeiharibu. Nyuso zao zilikuwa wazi kama sahani, naye hakuona hata mmoja aliyemkwepa macho.

Akasimama akilitazama ziwa. Hatua ishirini kutoka ufukweni, mahali maji yanapofika kiunoni, kulikuwa na boti mpya ya mbao imezama. Ukingo wake tu ndio uliochungulia, na ndani mlikuwa mmejazwa mawe.

"Ile nayo ilizama lini?" aliuliza.

Ufukwe mzima ukaangua kicheko. Mama mmoja aliyeitwa Awino, mkubwa wa umri na wa sauti, akafuta machozi kwa kisigino cha mkono wenye magamba.

"Haijazama, Afande! Inakunywa."

"Inakunywa?"

"Nyinyi watu wa ng'ombe, ng'ombe wenu hamwapeleki mtoni? Boti mpya ni mbao kavu. Kati ya ubao na ubao mna mwanya. Ukiingia nayo ziwani hivi hivi, inavuja hadi umefika mbinguni. Basi kwanza unaizamisha kwa mawe. Inakunywa siku saba. Mbao zinavimba, zinakumbatiana, sindano haipiti. Halafu unaitoa, unaianika siku tatu, unaifagia mchanga, unaipaka lami. Hapo ndipo inakuwa boti."

"Nani huzinywesha?"

"Nani tena? Mzee wetu, Jaduong' Owuonda. Yeye ndiye fundi wa boti zote hizi unazoziona, miaka arobaini. Hakuna boti ya Sori ambayo haijakunywa chini ya mkono wake."

Owuonda. Baba yake Elijah. Werema akaitoa kalamu mfukoni, kisha akairudisha. Swali alilotaka kuliuliza halikuwa katika yale ya Kiganjo.

"Mama Awino, boti ya Elijah je? Nayo ilikunywa?"

"Eh! Si ilikunywa!" Mama Awino alishangaa kuulizwa jambo la wazi hivyo. "Fundi alipokwenda kusali. Tuliishusha watu wanane, ni nyepesi kama kikapu lakini inateleza. Mawe yalikuwa mengi kweli, maana haitaki kuzama ile. Siku saba. Halafu Jaduong' akaianika, akaifagia mwenyewe."

"Nimewauliza sasa hivi nani aliitia mkono."

"Umeuliza nani aliiharibu," alisema mwanamume mmoja mwenye nyavu, bila ubishi. "Kuinywesha boti ni kuiharibu?"

Wengine wakaitikia kwa vichwa. Hakuna aliyekuwa ameficha kitu. Jambo lenyewe lilikuwa dogo mno kwao, kama kusema kwamba asubuhi jua lilichomoza.

Werema akafungua gunia, akakitoa kipande cha nyuma ya boti, akakiweka juu ya jiwe. Kwa mara nyingine akakikagua. Upande wa nje, ngozi ya zamani iliyogandishwa kwenye mvule kabla ya makambi ilikuwa imekatika pamoja na ubao: nyuzi za mti zilikuwa bado zimeing'ang'ania kama nywele kwenye ngozi ya mbuzi. Upande wa ndani, ngozi mpya iliyowekwa baada ya makambi ilikuwa imebambuka tupu. Hapakuwa na unyuzi hata mmoja wa mti. Ilikuwa laini kama kioo cha taa.

Ngozi mbili, ubao mmoja, fundi mmoja, gundi moja. Katikati yake kulikuwa na siku saba za maji.

Alikuwa na dhana nzuri. Lakini hakimu hahukumu kwa dhana, na Jumatatu ilikuwa kesho kutwa.

* * *

Leonida, mke wa Cephas, alirudi kutoka kanisani saa sita akiwa na Biblia kwapani. Werema alimkuta mlangoni mwa banda la mumewe.

"Mama, nani humchanganyia Cephas resini?"

"Mimi. Yeye akichanganya anaweka dawa nyingi, inagandia ndani ya kopo." Alimtazama kwa makini. "Kwa nini?"

Akamweleza. Alitaka vipande viwili vya mvule: kimoja kikavu, kutoka kwenye rafu ya banda, na kingine kilichokunywa maji siku saba kisha kikaanikwa siku tatu. Cha pili alikwisha kukipata, kwani mabaki ya mbao hunyweshwa pamoja na boti yao, na Mama Awino alikuwa amemtolea kimoja cha boti nyingine, kilichoopolewa Jumatano. Ukikishika kilikuwa kikavu kabisa. Alitaka vyote viwili vivishwe ngozi ya kioo, kwa gundi ya kopo moja, kwa mkono mmoja.

"Ngozi zikishika zote mbili, mumeo ana kesi. Moja ikikataa, huenda akarudi nyumbani."

Leonida akalitazama kopo la resini lililokuwa kwenye rafu. Akalitazama jua.

"Jua likizama," alisema.

"Mama, kila saa moja..."

"Afande, mume wangu aliacha kazi ile Ijumaa kwa sababu ya Sabato. Nikiivunja mimi leo ili nimtoe, nitamtazama usoni vipi?" Akafungua mlango wa banda. "Keti. Nitakuletea uji. Jua likizama utaona mkono wangu."

Werema akaketi. Akanywa uji. Akaandika maelezo ya Mama Awino na ya wenzake walioishusha boti. Jua lilipogusa maji, Leonida alikuwa tayari amejifunga leso kiunoni. Alipima dawa kwa kifuniko cha chupa, akakoroga akihesabu kwa midomo, akatandika kitambaa cha nyuzi za kioo juu ya vipande vyote viwili, akakilowesha kwa brashi hadi kikawa angavu. Werema akachonga alama juu ya kila kipande kwa kisu. Akavifungia kabatini, ufunguo akaondoka nao.

* * *

Jumapili asubuhi alivichukua vipande vyake hadi nyumbani kwa Mzee Owuonda.

Uani palikuwa na mabenchi ya waombolezaji. Filister, mjane wa Elijah, alikuwa ameketi mkekani kati ya wanawake, kichwa kimefungwa kitambaa. Mzee hakuwa pamoja nao. Alikuwa peke yake kwenye kibanda chake cha boti, akilinoa tezo, na hakuinua kichwa hadi alipoimaliza ncha.

"Wewe ndiye polisi wa Homa Bay."

"Ndiye, Mzee. Pole kwa msiba."

"Mtu wenu yule, mtamfunga lini?"

"Nimekuja kwa hilo hilo. Mzee, Cephas alipokuwa makambini, ulifanya nini na boti ya Elijah?"

"Niliinywesha." Alijibu kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Kijana alikuwa ameweka mvule mzuri, sikatai. Mimi ndiye niliyemchagulia. Lakini aliuacha na kiu, na matundu juu. Ubao ukiwa na kiu, siku ukilipata ziwa utakunywa kwa pupa, utapasuka. Nikasema, huyu amezoea vioo vyake, mbao hazijui. Nimsaidie."

"Ulimwambia aliporudi?"

"Ukimfagilia jirani ua, unapiga ngoma?"

Werema akaweka vile vipande viwili juu ya benchi la kazi. Akaeleza jinsi vilivyotengenezwa, na nani alivitengeneza, bila kusema kipi ni kipi. Akaazima patasi ya mzee mwenyewe, akainua kona ya ngozi ya kioo kwenye kila kipande, kiasi cha kushikika.

"Vuta."

Mzee akavuta cha kwanza. Mikono yake ilikuwa na nguvu kuliko umri wake. Ngozi ilikataa. Akakanyaga ubao kwa mguu, akavuta kwa mikono miwili, na iliposalimu amri ilitoka vipande vipande, kila kipande kikiwa na nyama ya mti.

Akashika cha pili. Akavuta, na karibu aanguke. Ngozi ilikuja yote kwa mara moja, toka mwisho hadi mwisho, kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

Akabaki ameishika. Kisha akaiweka chini, akaupapasa ubao uliokuwa wazi kwa kiganja, akaunusa, akaupiga kwa kifundo cha kidole akisikiliza.

"Huu ulikunywa," alisema.

"Siku saba. Ukaanikwa tatu."

"Kama nilivyofanya mimi."

"Kama ulivyofanya, Mzee. Juu unakauka, ndani maji yanabaki. Gundi ile haishiki ubao wenye maji."

Uani mtoto mmoja alilia akanyamazishwa. Mzee Owuonda aliendelea kuutazama ubao.

"Kwa hiyo injini ilipovuta..."

"Ngozi ya ndani ilikuwa haijashika kitu. Ubao ukabeba peke yake. Jumanne kulikuwa na mawimbi na mzigo ulikuwa mkubwa. Ubao ukapasuka, breketi ikang'oka, mnyororo ukaivuta nyuma ya boti chini."

"Na boti zangu zisipokunywa huvuja."

"Ndiyo."

"Boti mia mbili na zaidi," mzee alisema. "Zote zilikunywa. Hakuna hata moja iliyoua mtu." Akavuta kigoda, akaketi. "Andika," akasema.

Werema akaandika. Akamsomea polepole, mstari kwa mstari, na mara mbili mzee alimsahihisha: mawe yalikuwa ya mto, si ya ufukweni, na walioshusha boti walikuwa tisa pamoja naye. Wakati wa kuweka dole gumba, wino haukushika kwa sababu ya lami. Ikabidi kuusugua mkono kwa mafuta ya taa.

"Mzee, sioni kosa la jinai hapa. Ulikusudia wema. Nitaliandika hivyo."

"Sikukuuliza hilo." Mzee Owuonda akafuta mkono kwenye suruali. "Ngoja hapa."

Akatoka kwenda uani. Kutoka kibandani Werema hakusikia maneno, aliona tu. Mzee aliinama mbele ya Filister akazungumza naye, si kwa muda mrefu. Mjane hakupiga kelele. Alimtazama, kisha akajifunika uso kwa leso, na baada ya kitambo akatoa mkono mmoja akamshika mzee kifundo cha mguu, akakishikilia. Wanawake wengine wakatazamana bila kuelewa.

Mzee aliporudi alikuwa amevaa koti.

"Gari lako lina nafasi?"

* * *

Mkuu wa kituo alizisoma kurasa zote sita, akairudia ya tatu, akavigeuzageuza vile vipande viwili vya mvule mezani pake. Mwishowe akaivuta hati ya mashtaka, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye droo.

"Mfungulie," alisema.

Werema alikwenda selo peke yake kwanza. Cephas alikuwa ameketi vile vile, uso ukutani.

"Ulijua tangu Ijumaa," Werema alimwambia. "Nilipokuonyesha kiganda."

"Nilikisia."

"Ungefungwa miaka mitano. Saba labda. Una mke."

"Afande, mimi ningefungwa na ningetoka." Cephas aligeuka. "Yule mzee amebakiwa na nini? Nilisema hakimu asikie yake, Mungu anasikia yangu. Umemwambia?"

"Ameuvuta ubao kwa mikono yake."

Fundi akafumba macho. Alipoyafumbua, mzee alikuwa amesimama nyuma ya Inspekta, mlangoni, koti limefungwa vifungo vyote, ingawa palikuwa na joto. Cephas akainuka haraka. Wakatazamana. Konstebo wa zamu, aliyezoea kuona jamaa za marehemu wakiwarukia washtakiwa, akasogea karibu, na Werema akamzuia kwa mkono.

"Cephas," mzee alisema. "Kila mtu Sori anasema wewe ndiye uliyemuua mtoto wangu. Nimewaambia nyumbani si wewe. Lakini maneno husahaulika. Watu huamini wanachokiona." Alikohoa. "Elijah yuko hospitalini tangu Alhamisi na hana jeneza. Mimi siwezi kulitengeneza peke yangu. Nimejaribu jana. Msumeno unakwenda upande. Nataka watu watuone tukilitengeneza, wewe na mimi, uani kwangu, mchana."

Cephas alitazama chini, kwenye sakafu ya saruji, miguu yake ikiwa mitupu.

"Ngoja nivae viatu, Baba," alisema.